Nafasi ya Jina Moja

Mama mdogo alikuwa bado anashona upande wa nne wa pindo nilipoisoma ile fomu kwa sauti. Tulikuwa sebuleni kwake Makambako, nyumba ya tatu kutoka njia inayoelekea stesheni ya TAZARA. Upepo wa Makambako ulikuwa unaupigapiga mlango kama mtu anayedai hela yake. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa nne.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la mshiriki, umri, namba ya simu, aina ya kazi, vifaa vilivyotumika. Chini kabisa, juu ya mstari wa sahihi, iliandikwa hivi: Nathibitisha kuwa kazi hii nimeifanya mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilipofika hapo nilishusha sauti. Mama mdogo hakuinua macho. Yule binti anayejifunza ushonaji kwa shangazi alikuwa ameshika ncha ya pili ya blanketi ili lisiburuzike sakafuni. Shangazi alikuwa anatafuta kiatu chake kimoja chini ya kochi.

"Andika, mwanangu," akasema. "Tuna saa moja."

Nikaandika jina lake. Akasaini bila miwani. Saa nne kasoro dakika kumi tulilikabidhi blanketi, na mhusika akatupa karatasi ya kupokelea. Chumbani walikuwamo wanawake watatu walioshona blanketi lile, na mimi niliyekata vitambaa. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Nimekuwa nikiifikiria ile fomu kwa mwaka mzima sasa. Naandika hapa kwa sababu nadhani swali lake ni kubwa kuliko blanketi, na kwa sababu mwandiko uliomo kwenye fomu ile ni wangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Anashonea kwenye kibaraza cha duka moja mjini Njombe: sare za shule, magauni ya vitenge ya wanakikoba, suruali za mitumba zinazotaka kupunguzwa kiuno. Masalia ya vitambaa hatupi. Anayajaza kwenye viroba vya unga, na baridi ikianza anayaunga kuwa blanketi. Juu ni viraka vya kitenge, katikati blanketi kuukuu la mtumba, chini shuka, kisha tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa mkono. Kamusi zina neno mfarishi kwa kitu cha namna hiyo, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Njombe akilitamka. Sisi tunasema blanketi la viraka. Aliyewahi kulala Njombe mwezi wa saba hahitaji kuelezwa kwa nini tunalo.

Kwa kawaida blanketi moja humchukua mwezi na zaidi, kwa kuwa analishona katikati ya kazi za wateja. Tangazo la mashindano ya kazi za mikono lilikuwa limetoka siku nyingi, lakini kwetu lilifika zikiwa zimebaki siku tisa. Zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani ya umeme, ya pili cherehani ya miguu, ya tatu fedha. Shangazi alikuwa na cherehani moja tu, kongwe kuniliko mimi. Hakuwa na blanketi hata moja lililobaki, yote alikuwa ameyauza.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kuandika sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Sikuandika hata aya moja. Nilipewa mkasi na kipande cha kadibodi cha kupimia, nikakata viraka 120, safu kumi na mbili za viraka kumi kumi. Shangazi alichora mpango kwenye karatasi ya daftari: rangi nzito pembeni, nyepesi kadiri unavyokaribia katikati, kama ukungu unavyofunguka asubuhi juu ya mashamba ya chai. Bibi jirani, ambaye macho yake bado yanaona tundu la sindano kuliko yangu, alikuja kila jioni na kigoda chake akapiga bandi tabaka zote tatu, kisha akazishona kwa mkono pamoja na shangazi. Mama mdogo alilitafuta blanketi la ndani kwenye mitumba ya Makambako na mwishoni akashona pindo.

Na yule binti akashona. Ana miaka kumi na minane. Wazazi wake wanalipa ada ili afundishwe, na anaishi kwa shangazi, kwa hiyo anapika na kufua pia. Mchana cherehani ilikuwa ya wateja, kwa hiyo blanketi lilishonwa usiku, na usiku shangazi mgongo unamkataa. Kati ya safu kumi na mbili, binti alishona saba. Usiku wa nne umeme ulikatika. Alikanyaga cherehani kwa mwanga wa tochi ya simu yangu, safu ya tatu ikajikunja, akaifumua yote kwa wembe, akaishona upya. Nilikuwa nimekaa kando yake nimeishika ile simu. Najua nilichokiona.

Tulipata zawadi ya pili. Siku ya kutangazwa washindi shangazi aliitwa mbele, akaulizwa aliwezaje kuikamilisha kazi nzuri kiasi kile. Akasema, "Nilikuwa silali." Ilikuwa kweli. Watu wakapiga makofi, na binti akapiga pia, kwa nguvu. Mmoja wa waamuzi alisifia jinsi viraka vilivyokutana pembe kwa pembe, akaonyesha kwa kidole safu za juu.

Tukiwa kwenye kosta ya kurudi Njombe, mwendo wa kilomita sitini hivi, binti alikaa karibu nami. Tulipokwisha kuuacha mji akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ile aliyoionyesha ni safu ya tatu."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaka angalau mtu mmoja ajue.

Utetezi wa kwanza niliojipa ulikuwa wa muda. Siku tisa! Nani angeweza kuuliza maswali ya maadili saa tatu na nusu ya siku ya mwisho? Wahenga wanasema haraka haraka haina baraka, na mara nyingi tunaielewa methali hiyo kuwa inazungumzia ubora wa kazi: ukikimbia utaharibu. Lakini kazi yetu haikuharibika. Blanketi lilikuwa zuri, na lilishinda. Kilichoharibika kilikuwa kwingine. Muda ulipobana tuliazima mikono ya watu, na muda huohuo uliobana ukatunyima nafasi ya kuwauliza wenye mikono wanataka nini. Kuuliza kungechukua dakika mbili. Tulikuwa na sitini.

Utetezi wa pili ulitoka kwa shangazi mwenyewe, nilipomgusia jambo hili mara ya kwanza. "Ukijenga nyumba," akaniuliza, "unaandika ukutani jina la aliyebeba zege?" Mpango ulikuwa wake, vitambaa vyake, jicho la rangi lake, na deni la uzi dukani ni lake mpaka leo. Bila yeye binti angekuwa hajui hata kuingiza bobini. Sioni haya kusema kwamba hoja hii ina nguvu. Kuna kazi ambazo mwenye wazo ndiye mwenye kazi, na wengine wote ni mikono tu. Ila fomu haikuuliza wazo ni la nani. Iliuliza mikono.

Niliporudi chuoni, nikiwa natakiwa kusoma mambo mengine kabisa, nilikutana na kisa kilichonifanya nifunge kompyuta na kutoka nje. Mwaka 1933 kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani iliandaa mashindano ya mablanketi ya viraka kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Yalitangazwa Januari, na mwisho wa kupokea ulikuwa katikati ya Mei. Hiyo ni miezi minne tu kwa kazi ambayo wengi huifanya kwa mwaka. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola 1,000, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati ambapo familia nyingi hazikuwa na hela ya mkate. Yalipelekwa mablanketi yapatayo 24,000. Hebu fikiria taa zilizokesha.

Mshindi alikuwa Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky. Blanketi lake likatolewa zawadi kwa Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Miaka mingi baadaye watafiti wa historia ya mablanketi hayo walieleza kilichokuwa nyuma yake: Caden hakulishona. Lilishonwa na wanawake aliowalipa ujira, na zawadi ile kubwa haikuwafikia. Wao walikuwa wanajua. Walinyamaza kwa sababu walihitaji kazi. Leo blanketi lenyewe halijulikani lilipo. Jina moja ndilo lililobaki kwenye orodha ya washindi.

Nilitaka sana kusema kwamba shangazi yangu si Caden. Na kweli si yeye. Shangazi alishona, alikesha, vidole vyake vilichomwa na sindano. Lakini nilipojaribu kueleza tofauti hiyo kwa upande wa yule binti, sikuiona vizuri. Ukiwa umesimama kwenye umati unapiga makofi, na safu yako ya tatu inaonyeshwa kwa kidole, inakusaidia nini kwamba aliyeitwa mbele naye alishona safu tano?

Nikaenda kwa wanafalsafa, kama tunavyofundishwa. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, ndiye wanayemtaja watu wakitaka kueleza kwa nini kitu ni changu: nimekichanganya na jasho langu. Ukisoma haraka utadhani hapo binti ameshinda kesi. Lakini katika sura hiyohiyo ya mali, Locke anasema majani yaliyoliwa na farasi wangu na udongo uliochimbwa na mtumishi wangu ni mali yangu mimi. Jasho la mtumishi, kwa hesabu yake, linaingia kwenye akaunti ya bwana, pamoja na la farasi. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Kwa hiyo hata nadharia ya jasho ina mlango wa nyuma wa kumtolea mtu aliyetoa jasho.

Nikasema basi nirudi nyumbani. Sisi hatuna ubinafsi huo wa Kizungu, sisi tuna utu, tuna ujima, mkono mmoja haulei mwana. Wanafunzi wenzangu wakisikia kisa cha blanketi wengi hunijibu hivyohivyo: lakini hiyo ndiyo Afrika, dada, tunasaidiana, haya mambo ya jina la nani yametoka wapi?

Na hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu ninaipenda hoja hiyo. Nimelelewa nayo. Nimeona watu wanavyolima shamba la mgonjwa bila kuulizwa. Lakini angalia inakotufikisha. Locke anasema jasho la binti ni la shangazi kwa sababu yeye ni mtumishi. Sisi tunasema jasho la binti ni la shangazi kwa sababu sisi sote ni wamoja. Njia ni mbili, moja imepita London na nyingine Njombe, na zote zinaishia kwenye fomu ileile yenye jina lilelile. Kama kweli tu wamoja, kwa nini jina linalobaki huwa ni la mkubwa? Mbona hatukuandika la binti tukasema, si tu wamoja?

Hata Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyeusifu ujamaa wa asili kuliko yeye, aliliona hili. Mwaka 1962 aliandika kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1967, katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba maisha yale yalikuwa na kasoro, na kasoro mojawapo aliyoitaja ni hali ya wanawake, waliobeba kazi nyingi kuliko haki yao. Umoja ulikuwapo, lakini haukuwa mzito sawa kwenye kila bega.

Tunao mfano mwingine karibu yetu. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na michoro inayobeba jina lake imeendelea kuchorwa na mamia ya watu. Tunaiita yote Tingatinga. Lakini tazama chini ya mchoro wowote, kwenye kona: mchoraji ameandika jina lake. Jina la mtindo ni la mmoja, jina la kazi ni la aliyeifanya. Hakuna aliyeona hapo kwamba umoja umevunjika.

Mahali nilipofika ni hapa. Msaada unaweza kutolewa bila jina, na mara nyingi hiyo ndiyo sura yake nzuri kabisa. Lakini mwenye haki ya kusema "msinitaje" ni aliyesaidia. Aliyesaidiwa hana haki hiyo. Bibi akisema hataki jina, huo ni ukarimu wake. Mimi nikisema kwa niaba yake kwamba hataki, nimemnyang'anya hata ukarimu wenyewe, kwa sababu nimemtolea kitu ambacho hajakitoa. Maneno ni yaleyale. Tofauti ni kinywa yanachotoka.

Na kadiri mtu anavyokuwa chini, ndivyo tunavyowahi kumsemea. Mama mdogo tungeweza kumsahau kwa bahati mbaya. Binti hatukumsahau. Hatukumfikiria.

Sisemi haya nikiwa juu ya kilima. Tasnifu yangu itakapokamilika nitasaini ukurasa unaoitwa Tamko, unaosema kazi hii ni yangu mwenyewe. Utafiti wangu nimeufanya kwenye vijiji vitatu. Kijana mmoja alinipeleka kwa pikipiki na kunitafsiria Kibena cha wazee, na baadhi ya maswali yangu bora yalikuwa yake, aliyauliza kabla yangu. Tofauti ni kwamba chuo kinanipa ukurasa wa pili, wa Shukrani. Wengi wetu tunaujaza kwa kumshukuru Mungu, msimamizi, wazazi na mchumba. Sasa nimeanza kuuona kuwa ndio ukurasa unaoufanya ule wa kwanza usiwe uongo. Fomu ya mashindano ilikuwa na Tamko bila Shukrani. Lakini kuandika pembeni kungewezekana, karatasi ilikuwa na nafasi nyeupe ya kutosha. Ningeandika hata mistari miwili.

Sikukizi iliyofuata nilipanda tena kosta hadi Njombe. Nilimsalimia shangazi, akaniitikia marahaba, akaniwekea chai, nami nikamwambia yote. Alikasirika. "Unataka nirudishe cherehani?" akauliza. Ile cherehani ya zawadi ilikuwa pale kibarazani, na aliyekuwa ameikalia ni binti. Sasa anashonea wateja wake wadogo humo, anabaki na nusu ya hela. Tukikiri kwa waandaaji na wakaichukua, wa kwanza kuumia ni yuleyule tuliyemdhulumu. Barua ya kwao nimeiandika mara mbili. Haijatumwa. Sahihi si yangu, na sijui kama nina haki ya kumshtaki mtu aliyesaini maneno niliyoyaandika mimi. Hilo sijalitatua, na sitajifanya nimelitatua.

Nililoliweza ni kuuliza. Nilimfuata bibi jirani, akacheka mpaka akakohoa. "Jina langu mnalipeleka wapi? Mimi nilikuwa nafukuza baridi tu." Mama mdogo alisema lake liandikwe, na kubwa, maana ana wateja wa mapindo. Binti nilimuuliza mwisho, kibarazani, shangazi akiwa anasikia. Alinyamaza kidogo, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Naandika mwenyewe?" akauliza.

Shangazi ndiye aliyelileta blanketi kutoka chumbani. Hakusema kitu. Akaligeuza upande wa shuka, akaonyesha kona. Binti akatarizi majina matatu kwa uzi mwekundu: la shangazi, la mama mdogo, na lake. La bibi halipo, kwa kutaka kwake. Niliwauliza pia kuhusu makala hii. Mama mdogo akasema nitakavyo. Binti akasema kwenye blanketi inatosha, ndiyo maana hukulisoma jina lolote lao hapa.

Shangazi aliniuliza kama na mimi nataka langu, kwa vile viraka 120. Nikamwambia hapana. Mwandiko wangu tayari upo, kwenye fomu, kwenye faili la mtu fulani Makambako.